MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Kijana Aliyepewa Filimbi



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi habari za mpira wa miguu. Wala hatutasema juu ya wachezaji hodari, maana hao wana wa kuwasifu. Twataka kusema juu ya yule mmoja asiye na upande, ambaye watu hawamkumbuki ila wanapodhani amekosa. Sheria humwita mwamuzi; watoto wetu humwita refa.

Katika shule zetu na mitaa yetu, michezo ya watoto wadogo haiamuliwi na mabwana wenye vyeti. Mara nyingi mwalimu hutazama huku na huku, akamwona kijana wa miaka 15 au 16 mwenye utulivu, akamtia filimbi mkononi na kumwambia, "Haya, wachezeshe." Basi kijana huyo, ambaye jana alikuwa mchezaji kama wenzake, leo amesimama peke yake kati ya watoto 22 na wazazi wao. Akifundishwa vizuri atajifunza pale mambo ambayo ni vigumu kuyajifunza kitabuni: kukata shauri upesi, kusema machache, kuvumilia lawama, na kumpa kila mtu haki yake. Akiachwa bila msaada, baada ya michezo mitatu minne atairudisha filimbi, wala hatakubali kuishika tena. Hiyo ndiyo sababu ya mazungumzo haya: tuone kijana huyu ajifunzeje, na sisi tulio wazazi na walimu tumsaidieje.

Kazi hii ilitoka wapi

Hapo kwanza mpira haukuwa na mwamuzi wa katikati. Manahodha wa pande mbili walipatana wao kwa wao. Baadaye kila upande ulileta mwamuzi wake, na mtu wa tatu akawekwa nje ya uwanja, aulizwe tu wale wawili wasipopatana. Mwaka 1891 ndipo mtu huyo wa tatu alipoingizwa uwanjani na kupewa mamlaka, na wale wawili wakatolewa kando kushika bendera. Kwa hiyo kazi ya refa ilizaliwa katika jambo tulijualo sote: wawili wakigombana, hutafutwa wa tatu asiye na lake.

Tena walimu watafurahi kusikia ya kuwa wawili katika watu walioitengeneza kazi hii walikuwa walimu wa shule. Wa kwanza ni Stanley Rous, aliyefundisha katika mji wa Watford, Uingereza. Aliamua fainali ya Kombe la Uingereza mwaka 1934, na mwaka 1938 aliziandika upya sheria za mpira kwa maneno mepesi na kwa mpango mwema. Wa pili ni Ken Aston. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 yeye alikuwa msimamizi wa waamuzi wote. Uingereza ilipocheza na Argentina yalitokea machafuko makubwa, maana wachezaji na mwamuzi hawakusikilizana lugha, hata wengine hawakujua kama wameonywa au hawakuonywa. Aston alipokuwa akirudi nyumbani kwa motokaa, taa za barabarani zilimsimamisha, naye akawaza: rangi ya manjano humwambia mtu ajihadhari, na nyekundu humwambia asimame, wala hapana anayehitaji kutafsiriwa. Ndipo zikapatikana kadi tuzionazo leo, na zilitumiwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico, mwaka 1970. Mwalimu hutafuta njia ya kueleweka na mtoto wa mwisho darasani. Na kadi ni mfano wa jambo hilo.

Sheria hujifunzwa moja moja

Sheria za mpira ni 17. Kijana asijaribu kuzimeza zote kwa usiku mmoja. Na asome moja kwa siku, kisha aifunge karatasi na kuieleza kwa maneno yake mwenyewe, kama vile anamweleza mdogo wake. Akishindwa kuieleza, bado hajaielewa.

Tuchukue mfano wa kuotea, ambao huleta kelele nyingi kuliko yote. Mchezaji yu mahali pa kuotea ikiwa kichwa chake, kiwiliwili au mguu umo katika nusu ya wapinzani, tena u karibu na mstari wa goli kuliko mpira, na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Mikono haihesabiwi. Walakini kusimama mahali hapo si kosa peke yake. Huwa kosa pale tu mwenzake anapoucheza mpira, naye yule aliyeotea akaingia mchezoni, kwa kuucheza au kwa kumzuia mpinzani. Tena hapana kosa la kuotea akiupokea mpira moja kwa moja kutoka mpira wa kurusha, au wa kona, au ule unaopigwa kutoka golini. Kijana ayajuaye haya barabara hatatishwa na sauti ya mtu aliye nje.

Na hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Baba aliyecheza zamani hupiga kelele kwa sheria ya siku za ujana wake, kumbe sheria imegeuka. Tangu mwaka 2016 mpira wa kuanza waweza kupigwa upande wowote, hata nyuma. Tangu mwaka 2019 mpira unaopigwa kutoka golini haulazimiki kutoka nje ya eneo la penalti kabla mwenzake hajaugusa. Tangu mwaka 2025 mlinda mlango akiushika mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, wapinzani hupewa kona. Zamani zilikuwa sekunde 6, na adhabu ilikuwa nyingine. Kwa hiyo kila mwaka kijana na aulize ni nini kilichogeuzwa, naye mzee na aulize kwanza kabla ya kulaumu.

Kadhalika sheria zenyewe zatoa ruhusa kwa michezo ya watoto kupunguza ukubwa wa uwanja, upana wa goli, uzito wa mpira na muda wa kucheza, na kumrudisha mchezoni mtoto aliyepumzishwa. Yafaa mambo hayo yapatanwe kabla ya kuanza, na pande zote mbili zisikie.

Miguu, macho na filimbi

Watu hudhani ya kuwa mwamuzi hukosa kwa sababu ya macho mabaya. Mara nyingi hukosa kwa sababu ya miguu mivivu. Aliye mbali huona vumbi. Aliye nyuma ya mchezaji huona mgongo. Aliye ubavuni, hatua kumi hata kumi na tano, huona mguu na mpira. Kama kuna wasaidizi wawili wenye bendera, mwamuzi hukimbia kwa mshazari, kutoka pembe moja ya uwanja hata pembe ya pili, ili mchezo uwe kati yake na msaidizi mmoja. Akiwa peke yake, kama ilivyo desturi katika michezo ya watoto, na atoke katikati mara kwa mara, aende pembeni mpira unapokwenda mbele, apate kuona mstari wa walinzi.

Filimbi nayo ina lugha yake. Kwa kosa dogo hulia kwa kifupi. Kwa kosa baya hulia kwa nguvu, ili hata aliye mbali ajue kwamba jambo hili si la mchezo. Mpira ukitoka nje waziwazi, hapana haja ya kuipiga. Mwenye kupiga filimbi kila saa ni kama mzazi anayekemea mchana kutwa: watoto huzoea sauti yake, wala hawaisikii tena.

Zaidi ya hayo, yampasa ajue kungoja. Mtoto akichezewa vibaya, lakini mwenzake ameupata mpira na njia i wazi mbele yake, mwamuzi huinyosha mikono mbele na kuacha mchezo uendelee. Ile faida isipopatikana katika sekunde chache, hurudi akalipiga kosa la kwanza. Hilo ni gumu kwa mwanafunzi, maana mkono wake hukimbilia filimbi. Na ajizoeze kuishika filimbi mkononi badala ya kuiacha mdomoni. Ule muda mdogo wa kuiinua ndio muda wa kufikiri.

Akikosa afanyeje

Hapana mwamuzi asiyekosa. Sheria yenyewe yalijua hilo, nayo yampa ruhusa kubadili neno lake akitambua kwamba amekosa, maadamu mchezo haujaanza tena. Basi na aseme waziwazi, "Nimekosea, mpira ni wa hawa," kisha aendelee. Maneno hayo machache hayamshushi; watoto humwamini zaidi.

Lakini mchezo ukiisha kuanza tena, jambo limepita. Hapo ndipo vijana wengi hunaswa. Kijana hujisemea, "Niliwanyima wale penalti, nitawapa nyingine." Hii ni hatari. Kosa moja halitibiwi kwa kosa la pili, na asiye na hatia hulipishwa deni asilolikopa. Aliyekosa na asimame imara, akaamue kila jambo kama lilivyo.

Jioni na achukue daftari na kuandika majibu ya maswali matatu: Ni uamuzi gani uliokuwa mgumu leo? Nilikuwa nimesimama wapi? Siku nyingine nitafanyaje? Asiandike kurasa nyingi. Mistari mitatu yatosha. Baada ya michezo kumi, na alisome daftari lote pamoja. Huenda akaona kwamba shida ile ile imerudi mara sita, kwa mfano kwamba kila neno baya lilitokea dakika za mwisho, alipokuwa amechoka. Hapo amejua dawa yake: sheria anazijua, pumzi ndiyo pungufu.

Mwalimu amsahihishe kwa namna gani

Mwalimu asimkemee kijana uwanjani mbele ya watu. Akifanya hivyo mara moja, mamlaka ya kijana yamekwisha siku ile. Na amngoje, ampe maji, kisha aulize kabla ya kueleza. Mazungumzo ya namna hii yafaa:

"Mwanangu, kwanza nimependa ulivyowatuliza wale wawili waliosukumana. Ulisema kwa sauti ndogo, nao wakasikia. Sasa, ule mpira wa adhabu wa mwisho, ulikuwa umesimama wapi?"

"Nilikuwa katikati ya uwanja, Mwalimu."

"Uliona mlinzi amegusa mpira, au amegusa mguu?"

"Kusema kweli, Mwalimu, niliona mgongo wake tu. Nikasikia watu wakipiga kelele, nikapiga filimbi."

"Basi waliopiga filimbi ni watu, mkono ulikuwa wako. Jumamosi tushike jambo moja tu: mpira ukipelekwa pembeni, nawe uwe umekwisha ondoka katikati. Mengine tutayatazama baadaye."

Angalieni: sifa moja ya kweli, swali moja, na jambo moja la kutengeneza. Mtoto hubeba kuni kadiri ya kichwa chake.

Ndugu yake akiwa mchezoni

Katika kijiji hakuna mgeni. Kijana mwenye filimbi atamwona uwanjani mdogo wake, au mtoto wa jirani aliyewapa maziwa asubuhi. Kama yuko mwingine wa kuamua mchezo huo, na apishe. Kama hayuko, na awaambie viongozi wa pande zote mbili kabla ya kuanza, "Huyu ni ndugu yangu, mkiridhika nitaamua." Neno likisemwa mapema huondoa manung'uniko ya baadaye.

Nasi wazazi tujichunge hapa. Kijana akimtoa nje mdogo wake kwa haki, jioni nyumbani asikute uso wa baba umekunjwa na mama hasemi naye. Tukimwadhibu kwa kusema kweli, tumemfundisha ya kuwa haki ni ya watu wa mbali tu. Siku moja mtoto huyo atakuwa karani, au mzee wa baraza, au mgawaji wa dawa, naye atawagawia kwanza watu wa kwao, kwa kuwa ndivyo tulivyomfunza tukiwa kando ya uwanja.

Uhai wa watoto u mkononi mwake

Mambo yote tuliyosema ni ya mchezo. Hili ni la uhai. Kabla ya kuanza, mwamuzi na ashike kila goli na kulitikisa. Goli lisilofungwa chini laweza kumwangukia mtoto na kumwua, na mambo hayo yamekwisha tokea katika nchi nyingi. Likitikisika, mchezo hauanzi mpaka lifungwe. Na aangalie mashimo, mawe na vipande vya chupa, tena awaambie watoto wavue pete, bangili na mikufu.

Mtoto akigongwa kichwa, kisha akaonekana kuduwaa, au akalalamika kwamba kichwa chauma, au hakumbuki yupo upande gani, atoke, wala asirudi siku hiyo, hata akilia, hata kiongozi wake akisihi kwamba ndiye mfungaji wao. Apelekwe kwa mganga wa hospitali. Goli lililopotea hupatikana Jumamosi nyingine.

Na mawingu yakikusanyika, asikilize. Ngurumo ikisikika, mchezo usimame papo hapo, na watoto waingie katika jengo imara au ndani ya motokaa iliyofungwa. Wasikae chini ya mti wala katika kibanda. Agosti 2020, karibu na Arua, nchini Uganda, watoto waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia kibandani kujikinga na mvua. Radi ikapiga, wakafa watoto 10. Desturi ifuatwayo mahali pengi ni kungoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Watu watanung'unika kwamba mchezo umeharibika. Na wanung'unike. Kijana akisimamisha mchezo kwa sababu hiyo, watu wazima wote waliopo yawapasa kumtii upesi, maana yeye peke yake amepewa mamlaka hiyo, na dakika si za kubishana.

Sisi tulio kando ya mstari

Waamuzi vijana wanaoacha kazi hii hawaiachi kwa sababu ya watoto. Mtoto hunung'unika kidogo, kisha hukimbilia mpira. Wanaowavunja moyo ni watu wazima: baba anayetukana, shangazi anayecheka kwa dharau, kiongozi anayemfuata hata njiani. Uingereza, ambako kijana aweza kuanza kujifunza uamuzi akiwa na miaka 14, shida hii imekuwa kubwa. Katika wilaya kadhaa waamuzi walio chini ya miaka 18 huvishwa kitambaa cha zambarau mkononi, ili kila mtu mzima akumbuke kwamba anayemkaripia ni mtoto. Tena mwaka 2023 chama cha mpira cha nchi hiyo kiliweka Jumamosi na Jumapili moja ambazo wazazi waliombwa kutazama watoto wao kwa kupiga makofi tu, bila maneno.

Sisi hatuhitaji kungoja chama kituamuru. Kila shule yaweza kuchora mstari wa chokaa hatua mbili tatu nyuma ya ule wa uwanja, na watazamaji wakakaa nyuma yake. Kila upande waweza kumweka mzee mmoja anayeheshimiwa, kazi yake kumwendea anayetukana na kumwambia pole pole, "Bwana, yule ni mtoto wa watu." Na mwenye lalamiko na alipeleke kwa mwalimu siku ya pili, hasira ikiisha kupoa.

Mwisho tumtaje mtu mmoja wa kuwatia moyo vijana wetu, na wasichana pia. Bibi Salima Mukansanga wa Rwanda, ambaye hapo kwanza alitamani kucheza mpira wa kikapu, aliingia katika orodha ya waamuzi wa FIFA mwaka 2012. Tarehe 18 Januari 2022, mjini Yaoundé, Kameruni, aliamua mchezo wa Zimbabwe na Guinea, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa katikati katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume. Mwaka ule ule alichaguliwa miongoni mwa waamuzi wa Kombe la Dunia la Qatar. Hesabuni wenyewe: tangu orodha ile hata siku ile ya Yaoundé ilipita miaka 10. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, wazazi na walimu, Jumamosi ijayo mtakapokwenda kutazama watoto, mtazameni na yule mwenye filimbi. Mchezo ukiisha, upande wenu ukiwa umeshinda au umeshindwa, mwendeeni, mpeni mkono, mkamwambie, "Ahsante, mwanangu, kwa kuwachezesha watoto wetu." Na kama ana daftari lake, mwacheni aende akaandike.